Jina Langu Ulilolijibu Mwenyewe

Mwanangu,

Siku ile ya mazoezi ya moto chuoni, ulipofika kwenye jina langu ukasema, "Huyo yupo," mimi sikuwepo uwanjani. Nilikuwa ghorofani, ndani ya stoo, mlango umefungwa kwa kufuli upande wa nje, na moshi wa mapipa uliyoyawasha kwa ajili ya zoezi ulikuwa unaingia dirishani. Sijamwambia mtu yeyote. Nakuambia leo kwa sababu kesho asubuhi unaondoka, na nikiliacha lipite sasa sitapata tena ujasiri wa kulisema.

Najua utashtuka kwa hilo, halafu utaangalia tena pale juu nilipoandika "mwanangu," udhani nimekosa adabu. Sijakosa. Ni wewe uliyenipa jina la mama yako mzazi, Nsiande, na tangu nikiwa mtoto wa kubebwa hujawahi kuniita kwa jina hilo. Unaniita Mama. Ukifurahi sana unaniita Mae, kama mlivyomwita yeye kule Machame. Wageni wakija unawaambia, "Huyu ndiye aliyenizaa," wao wanacheka na mimi nakimbilia jikoni. Mkeo, mama yangu mzazi, naye ameushika utani huo na hauachi. "Mama mkwe, hizo sufuria zitajiosha zenyewe?" Nami namjibu, "Mkwe wangu, magoti yananiuma."

Ni utani, lakini leo nauhitaji. Mimi ni binti yako, nimemaliza kidato cha nne juzi tu, na binti hamkanyi baba yake. Hata akitaka, hajui aanzie wapi. Mama anaweza kumkanya mwanawe hata kama mwana ana mvi. Bibi angekuwa hai ungekwenda kumuaga, angekushika mkono na kukuambia la kukuambia. Hakujua kuandika. Mimi najua. Basi niruhusu, kwa kurasa hizi chache tu, niwe yeye.

Habari za kula, na dawa ya mgongo, na kutolala na madirisha wazi, sitazigusa. Mkwe wangu amezisema tangu juzi na wewe unaitikia "ndiyo, ndiyo" huku unapiga buti rangi. Sasa hivi umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, yeye anapiga pasi suruali zako, na mimi nimejifanya naandika barua ya kuomba nafasi ya ualimu.

Nikumbushe kwanza tulikotoka. Ulikuwa zimamoto wa kiwanda. Nilipokuwa mdogo nilijua kwamba baba za watoto wengine wanafanya kazi, na wangu anasubiri moto. Nilikuwa najivunia. Kiwanda kilipouzwa, wenye mali wapya walisema moto ukitokea watapiga simu mjini, na wewe ukarudi nyumbani na buti zako. Ulikaa barazani muda mrefu sana. Kitu kilichotuchekesha kipindi kile ni hadithi zako za getini asubuhi, za miaka ile ambayo mtu hakuweza kuishi kwa mshahara peke yake. Mmoja yuko shambani anapalilia, mwingine amekwenda Namanga kufuata bidhaa, na msimamizi anaita majina.

"Samweli!"

"Yupo!" Sauti nzito.

"Eliya!"

"Yupo, mkuu!" Mtu yule yule, kwa sauti nyembamba.

Ukatuambia siku moja msimamizi aliita jina la mtu aliyekwisha kuzikwa, akajibiwa, "Yupo, yuko chooni." Mkwe wangu alicheka mpaka akapaliwa na ugali. Nikakuuliza kama haikuwa vibaya. Ukasema, "Mama, ule ulikuwa utu. Anayekujibia leo, kesho unamjibia." Nami nikakubali. Hata shuleni tulikuwa tunajibiana hivyo hivyo.

Halafu kikaja kile chuo kikuu kipya kule juu, kwenye shamba la kahawa la zamani, mlima ukiwa mgongoni kabisa. Bwana Temba, mfanyabiashara aliyekujua tangu kiwandani, akapata kazi ya kukiuzia mitungi ya kuzimia moto, na kwa kuwa alitaka na mtu wa kuwafundisha wanafunzi na wafanyakazi, akakukumbuka wewe. Wiki ile ulinyanyuka. Ulitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyerudishiwa urefu wake. Ukaniomba nije nikusaidie wakati nasubiri matokeo, kukunja mablanketi, kufunga bandeji, na kuonyesha jinsi mtu anavyotambaa chini ya moshi. Hujui ilinigharimu nini kutambaa mbele ya watu wenye ndevu. Yule mwanafunzi mrefu alisema, "Dada, umepoteza hereni?" Wote wakaangua kicheko. Wewe hukucheka. Ukamwambia, "Huyo anayetambaa atatoka mwenyewe. Wewe unayesimama kumcheka, tutakuja kukubeba." Kicheko kikakatika. Sijawahi kukupenda kama siku hiyo.

Ndiyo maana siku ya mazoezi makubwa nilitaka kila kitu kiende sawa kuliko hata wewe ulivyotaka. Bwana Temba alikuwa amekuja na wageni wake. Asubuhi ilikuwa na baridi, na Nai, yule msichana wa jikoni, alikuwa amekuja na gauni jepesi, nikampa sweta langu la kijani. Wewe ukaniambia, "Mama, hebu panda stoo ukaniletee mablanketi mawili zaidi." Nikapanda. Nadhani umesahau kwamba ni wewe uliyenituma. Nilikuwa nimeinama kule mwisho, nyuma ya magunia, kengele ikalia.

Mzee Lazaro, mtunza stoo, akafanya anachofanya kila anaposikia kengele. Hakuangalia ndani. Aliuvuta mlango, akabana kufuli, akakimbia. Kwake yeye kengele maana yake ni kwamba watu wote wataondoka na wezi watabaki. Nilifika mlangoni nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi.

Sikuogopa, nakuambia kweli. Nilikwenda dirishani. Kupitia zile nondo niliona uwanja wa kuanikia kahawa, mistari imenyooka, wewe umesimama mbele. Nikajiambia, ataita majina, atafika kwangu, nitakosekana, watakuja. Si ndivyo ulivyotufundisha? Ulisema majina yanaitwa ili tumjue asiyekuwepo. Nikasubiri jina langu kwa furaha kidogo, maana nilitaka kuona wale wenye ndevu wakinitafuta.

Ukaita, "Nsiande."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina hilo kinywani mwako. Na kabla sijamaliza kushangaa ukasema mwenyewe, "Huyo yupo," ukaenda kwa anayefuata.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga tena. Upepo wa mlimani ukageuka, ukaleta moshi wa maranda na ule mpira wa gari uliosema utiwe ili ufanane na moto wa kweli. Ulifanana. Nililala chini, nikatambaa mpaka mlangoni, nikaweka mdomo kwenye upenyo wa chini, nikafunga pua kwa kitambaa cha kichwa nilichokilowanisha kwa mate na machozi. Yote hayo niliyafanya kwa sababu ulinifundisha. Nataka ulijue hilo vizuri kama unavyolijua hili lingine. Mafunzo yako yaliniokoa. Neno lako ndilo lililoniacha mle ndani.

Mzee Lazaro alipofungua, wageni walikuwa wamekwisha kwenda kunywa chai. Nilijificha nyuma ya magunia mpaka akaenda upande wa pili, nikatoka. Nilikukuta uwanjani unang'aa. "Mama, umeona? Wote nje! Hakuna hata mmoja aliyebaki!"

"Nimeona, Baba."

"Mbona macho mekundu?"

"Vitunguu. Nilikuwa jikoni."

Nawe ukaniamini papo hapo. Hukuuliza mablanketi yako wapi.

Mwanangu, tangu siku ile sijalala na moyo mmoja. Kwanza nilimshuku Nai. Nilidhani alisimama kwenye mstari na sweta langu, akasikia unasema yupo, akanyamaza kwa kupenda. Nilikaa wiki nzima simsalimii. Halafu jioni moja, mezani, mkwe wangu akakuuliza ulijuaje watu wote wametoka, ukajibu, "Wengine waliitika. Huyu mama yangu nilimwona kwa sweta lake la kijani, kule mwisho kwa watu wa jikoni. Sikumsubiri aitike, sauti yenyewe haimtoki." Mkacheka. Mimi nikaangalia sahani. Kesho yake nikamfuata Nai.

"Siku ile ya kengele ulisimama wapi?"

"We Nsia, wiki nzima umenipita kama nguzo, leo unakuja na maswali kama askari?"

"Sweta langu ulikuwa umelivaa?"

"Nani avae sweta mbele ya jiko la kuni? Lilikuwa msumarini. Kengele ilinikuta nakoroga, nilitoka na mwiko mkononi, kamuulize nani unayemtaka." Kisha akaniangalia. "Kwani limechanika?"

Nikasema hapana, halijachanika. Nikaomba msamaha bila kueleza kosa, na yeye akasema nina mambo ya ajabu. Nimemkosea mtu asiye na hatia, na hajui hata ni kwa nini.

Kwa hiyo sweta hukuliona. Hapo ndipo nilipoanza kukushuku wewe. Sikutaka. Ulikuja wenyewe, ule wasiwasi, ukakaa kati yetu. Ulipokuwa unasema mgongo unauma, nilikuwa najiuliza kama kweli unauma. Ulipokuwa unasema umetoka kwa mchungaji, nilikuwa naangalia tope la viatu vyako ni la barabara ipi. Nimekuchunguza kama mtu anavyomchunguza mpangaji mpya. Nimejiuliza kama uliona kitu kingine cha kijani, labda kanga ya mtu, ukakosea kwa nia njema. Nimejiuliza kama ulikuwa na haraka, maana pale dirishani nilimwona Bwana Temba akiinua mkono wake na kukuonyesha saa. Nimejiuliza kama ilikuwa ni ile ile ya getini, ulimi umezoea. Na kuna usiku mmoja tu, mmoja, nilijiuliza kama ulijua. Nisamehe kwa huo. Asubuhi nilikuona unanipulizia chai ipoe kama ninavyopuliziwa tangu utotoni, nikaona aibu. Lakini jibu sijalipata, na sitaki unijibu. Nataka wewe ulijue.

Kosa langu mimi ni kunyamaza. Ningepiga kelele moja tu ungenisikia, kutoka dirishani mpaka uwanjani si mbali. Nimejiambia ni aibu, na kweli ni aibu, mimi hata darasani nilikuwa nabana haja mpaka kengele ya mapumziko kuliko kunyoosha mkono. Lakini haikuwa hiyo tu. Nilikuona umesimama mbele ya wageni na wasomi, umenyooka, umetoka kusema yupo. Nikipiga kelele wewe unakuwa mwongo mbele yao wote. Nikachagua moshi. Nilidhani huo ndio upendo. Sasa naona nilifanya kama wale wa getini, nilikujibia. Ulisema wote wako nje, nami kwa kunyamaza nikaitikia. Tulikuwa wawili tunadanganya, mmoja uwanjani na mwingine sakafuni, kila mmoja akimlinda mwenzake, na kama upepo usingegeuka tena mngenikuta mle nimekufa.

Jambo moja nililifanya nje ya barua hii. Nilikwenda kwa Mzee Lazaro. Nilikaa karibu na stoo mpaka watu wakapungua, nikamsalimia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Babu, kengele ikilia, kabla hujafunga, uwe unaangalia ndani. Labda kuna mtu."

Akavua miwani. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mtu wa kuwa humo ndani kengele ikilia ni nani, kama siyo mwizi? Wewe una mtu wako unayetaka nimwachie mlango?"

Nikaondoka karibu nikimbie. Alianza kunifuata kwa macho kila nikipita. Lakini zoezi lililofuata nilijibanza chini ya ngazi nikamsikia, kabla ya kubana kufuli, anaingiza kichwa na kupaza sauti, "Kuna mwizi humo?" Anasubiri kidogo, ndipo anafunga. Nimeridhika. Angalau anauliza.

Sasa unakwenda Iringa. Bwana Temba anasema chuo kile ni kikubwa kuliko hiki, mabweni ya wasichana yana ghorofa, na kila dirisha lina nondo kwa ajili ya wezi. Anasema amekuchagua kwa sababu aliona kwa macho yake jinsi watu wako walivyotoka wote. Mimi mtu huyo simwamini, na nikuambie kwa nini. Siku ile alisifu upesi mno. Hakupanda ngazi hata moja kuangalia. Hakuuliza mlango upi ulikuwa umefungwa. Na ile mitungi yake mipya haruhusu mtu aibonyeze hata kwa kujifunza, anasema itaharibika. Nilinyanyua mmoja alipogeuka. Ulikuja mkononi kirahisi. Mimi sijui uzito wa mtungi uliojaa, wewe unaujua tangu ujana wako. Unyanyue mwenyewe, ubonyeze mmoja mbele yake, kabla hujamwambia msichana yeyote kwamba ule ulio ukutani utamsaidia. Akikasirika utakuwa umepata jibu.

Labda namwonea. Nimemwonea Nai, nimekuonea hata wewe. Lakini nimeona kwamba mtu anayeshuku anapanda ngazi, na anayeamini anabaki uwanjani. Kwa kazi yako hiyo, mwanangu, nakuomba uwe mtu wa kushuku. Mtu akikuambia mlango huwa haufungwi, kausukume. Watu wakikuambia wote wamekwisha toka, mwulize aliyesema amewaonaje. Kule watakuwepo wasichana wasiokuwa na sauti, wapo kila chuo, na watakuwa na marafiki wenye roho nzuri wa kuwajibia ili wasisumbuliwe. Na roho nzuri ya namna hiyo ndiyo iliyoniacha stoo.

Wewe ni mtu mwema. Sijaacha kulijua hilo hata siku ile nimelala sakafuni. Ulirudi nyumbani na buti zako wakaona hufai tena, na mara moja tu ulipata uwanja wa kusimama ukaonekana unafaa. Nani angetaka zoezi liharibike kwa ajili ya jina moja? Nakuelewa. Ila kukuelewa hakunitoshi tena, ndiyo maana naandika. Nikikuelewa tu na kunyamaza, utapanda basi ukiamini kwamba hakuna aliyebaki ndani, na utawafundisha hivyo.

Barua hii naitia kwenye kitabu chako cha nyimbo. Utaikuta Jumapili, mbali na sisi, na utakuwa na muda wa kukasirika bila mtu kukutazama. Nakusikia unaingia getini, unaongea na mkwe wangu, unamwuliza, "Mama yuko wapi?" Nitakuja sasa hivi.

Usimwambie mtu. Usimwambie mkwe wangu, atakuzuia kazi na hataniruhusu tena kutoka nyumbani. Bwana Temba asijue, atakutafutia mwingine anayejibu haraka zaidi. Mzee Lazaro asijue, ni mzee na stoo ile ndiyo maisha yake. Hata mimi, ukirudi, usiniulize, wala usinitazame kwa namna tofauti. Niite Mama kama kawaida, mimi nitakuja na chai. Tutakuwa wawili tu tunaojua kwamba siku ile kulikuwa na mtu ndani. Nitunzie, mwanangu. Na huko uendako, jina likiitwa na mwenyewe asiitike, usimjibie. Liite tena. Akinyamaza, watume watu wakamtafute.

Mama yako,
Nsiande